Bahari Ndani ya Kioo: Kubadilisha Maji ya Tangi la Samaki wa Baharini katika Nchi Kavu ya Banissa

Samaki wa baharini anayefugwa nyumbani hula, hupumua na kujisaidia katika maji yale yale. Kwenye miamba ya matumbawe ya Shimoni au Watamu, kinachomtoka mwilini huchukuliwa na mkondo mara moja. Ndani ya kioo cha lita 200 hakuna kupwa wala kujaa. Kila kilichoingia kwa jina la chakula kinabaki humo, kimegeuka sura tu. Kubadilisha maji ni kuondoa sehemu ya maji hayo ya zamani na kutia mapya yenye kiwango kile kile cha chumvi na joto lile lile. Kwa mtu wa Mombasa aliye hatua chache kutoka ufukweni, kazi yenyewe ni ya ndoo, mpira na subira. Kwa mtu wa Banissa, magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu kilomita 500 kutoka ufuo wowote wa Bahari ya Hindi, mambo yanageuka. Huko mtihani mkubwa wa tangi la maji ya chumvi ni maji matamu.

Kinachojilimbikiza ndani ya tangi kinaanza na amonia, ambayo samaki huitoa zaidi kupitia mashavuni. Amonia ni sumu, na katika maji ya bahari, ambayo ualkali wake hufika pH 8.1 hadi 8.3, sehemu yake iliyo kali ni kubwa kuliko katika maji ya mtoni. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitraiti, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hao na kueleza kazi yao mnamo 1890. Safari ya takataka karibu inaishia hapo. Bakteria wachache, waliojificha ndani ya mawe mahali pasipofika oksijeni, huweza kuigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikapotea hewani, lakini kwa kawaida kasi yao haishindani na kasi ya chakula. Nitreti hupanda wiki baada ya wiki. Fosfeti hupanda nayo. Mwani wa kijani hufurahi, na matumbawe hunyong'onyea.

Upande wa pili wa daftari una vinavyopungua. Matumbawe, konokono na mwani wenye gamba huvuta kalsiamu na kaboneti kutoka majini ili kujenga mifupa yao. Madini mengine yanayopatikana kwa chembe ndogo, kama aidini, hutumika au hunaswa na vichujio. Maji mapya basi yana kazi mbili kwa pamoja: kupunguza kilichozidi na kurudisha kilichopungua. Ni rahisi kudhani kwamba yanazifanya zote mbili sawasawa, lakini hesabu inaonyesha vingine.

Chukua tangi la lita 200 ambalo chakula cha samaki wake huongeza nitreti miligramu 2 kwa kila lita kwa wiki. Mfugaji anatoa lita 20 kila wiki, yaani mtungi mmoja wa plastiki wa njano unaojulikana na kila nyumba, na kurudisha lita 20 safi. Ameondoa asilimia 10 ya nitreti iliyopo. Mwanzoni nitreti ni kidogo, kwa hiyo asilimia 10 yake ni kidogo zaidi, na kiwango kinaendelea kupanda. Hupanda mpaka pale ambapo asilimia 10 inalingana na zile miligramu 2 zinazoongezwa, yaani miligramu 20 kwa lita. Hapo kinasimama. Akibadilisha asilimia 20 kwa wiki, kitasimama kwenye 10. Kwa hiyo ubadilishaji wa kila wiki haufanyi tangi liwe safi kama siku ya kwanza; unaweka dari tu, na urefu wa dari hiyo unategemea uwiano wa chakula na mitungi. Mwenye samaki wengi na mkono mwepesi wa kulisha atahitaji mitungi mingi, hakuna njia ya mkato.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ubadilishaji mdogo wa mara kwa mara haulingani na mkubwa wa mara moja. Kubadilisha nusu ya maji siku moja huacha nusu ya uchafu. Kubadilisha asilimia 10 mara 5 huacha asilimia 59, kwa sababu kila mara sehemu ya maji mapya hutolewa pamoja na ya zamani. Bado mafundi wengi hupendelea kidogo kidogo, na wana sababu: samaki na matumbawe huumizwa na mshtuko kuliko na uchafu wa wastani. Ubadilishaji mkubwa ni wa dharura.

Si kila aliyefuga viumbe vya bahari aliamini kwamba maji yanapaswa kubadilishwa. Mnamo 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alichukua matumbawe kutoka Torquay na kuyaweka hai mjini, na maji yalipoanza kumwishia alimwamuru mtumishi wa nyumba ayamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alitangaza mwaka 1854 njia ya kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi nne, na kitabu chake cha mwaka huo huo kilieneza neno akwariamu. William Alford Lloyd, aliyesanifu akwariamu ya Crystal Palace iliyofunguliwa 1871, alishika msimamo mkali zaidi: maji ya bahari huboreka kwa kukaa, mradi yazungushwe bila kukoma kupitia hodhi kubwa lenye giza chini ya sakafu. Lloyd hakukosea kabisa. Hodhi lake lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko matangi ya maonyesho, na wingi wa maji ni dawa ya mambo mengi. Mwenye lita 200 sebuleni hana hodhi hilo, na mbadala wake wa pekee ni mtungi.

Swali linalofuata ni maji mapya yatoke wapi, na hapo ndipo Banissa inapoachana na Pwani. Miamba ya sehemu kubwa ya Mandera ni chokaa ya zama za Jurasi, mashapo ya bahari iliyofunika eneo hilo zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Bahari yenyewe ilikwenda, ikaacha jiwe. Maji ya ardhini yanayopita katika miamba kama hiyo, na katika jasi inayopatikana upande wa Elwak, hutoka magumu na mara nyingi ya chumvi, kiasi kwamba kuna visima vinavyofaa ngamia tu. Mtu anayeonja maji hayo anaweza kupata wazo linaloelekea kuwa na mantiki: ikiwa samaki wa bahari wanataka chumvi na kisima kina chumvi, mbona visikutanishwe?

Haviwezi, na sababu ni uwiano. Meli ya utafiti ya Uingereza iliyoitwa Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na mkemia William Dittmar akapima sampuli 77 za maji iliyoyaleta. Matokeo yake ya 1884 yalithibitisha jambo lililokwisha kushukiwa mapema katika karne hiyo: chumvi ya bahari inaweza kuwa nyingi hapa na chache pale, lakini viungo vyake hukaa kwa uwiano ule ule karibu kila mahali. Katika kilo moja ya maji yenye gramu 35 za chumvi, kloridi ni kama gramu 19.4, sodiamu 10.8, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, na kalsiamu pamoja na potasiamu ni kama gramu 0.4 kila moja. Viumbe vya bahari vimejengwa juu ya uwiano huo. Maji ya kisima cha jasi hujaa kalsiamu na salfeti, yakawa na potasiamu kidogo, na hata yakichemshwa mpaka yafike gramu 35 hayatakuwa bahari. Kibaya ni kwamba haidromita, kile chombo cha kuelea kinachopima uzito wa maji, haitambui tofauti. Itaonyesha 1.026 kwa maji ya Bahari ya Hindi, na itaonyesha 1.026 kwa supu ya jasi.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni la chumvi ya dukani. Kenya huvuna chumvi ya bahari kwenye mashamba ya Gongoni, Ngomeni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi, na mifuko yake hufika hadi maduka ya Banissa. Ni chumvi ya bahari kweli, lakini si chumvi yote ya bahari. Maji yanapokauka kwenye mabirika, chokaa hutangulia kuganda, halafu jasi, kisha chumvi ya kawaida yanapobaki kiasi cha sehemu moja ya kumi. Mvunaji huikusanya wakati huo na kuyaacha maji machungu ya mwisho, ambamo magnesiamu na potasiamu zimebaki. Kilichomo mfukoni karibu chote ni kloridi ya sodiamu, iliyotiwa aidini, yaani madini ya joto, kama sheria inavyotaka kwa afya ya watu. Inafaa mchuzi. Tangi linahitaji chumvi ya akwariamu iliyochanganywa kiwandani kwa uwiano wa Dittmar, ambayo huagizwa kutoka nje na bei yake si ya kuchekea. Kwa mtungi mmoja kwa wiki huhitajika kama gramu 700 hadi 750, yaani karibu kilo 38 kwa mwaka.

Kuna pia wanaofikiria kuyaleta maji yenyewe kutoka Pwani. Uzito ni wa kutisha kidogo, kwani mtungi wa lita 20 wa maji ya bahari una kilo 20 na nusu, na barabara ni ndefu. Anayeamua kufanya hivyo achote nje ya mlango wa mto, maji yanapojaa, na vizuri zaidi siku za bamvua ambapo maji ya bahari kuu huingia kwa wingi. Malindi msimu wa masika si mahali pake: mto Sabaki hushusha tope jekundu na maji matamu hadi baharini, na rangi yake huonekana kutoka ufukweni. Maji yaliyochotwa yachujwe kwa kitambaa kizito na yakae gizani wiki mbili hivi, ili viumbe vidogo vilivyomo vife na kuoza humo badala ya kuozea ndani ya tangi. Mitungi iwe haijawahi kubeba mafuta ya taa, dizeli wala dawa ya mifugo. Ushauri huu wa mwisho unasikika wa kitoto mpaka mtu aone kamba wake wote wamelala chali.

Njia yoyote kati ya hizo inaacha bila jibu suala zito zaidi, nalo ni uvukizi. Maji yanapokauka kutoka kwenye tangi, chumvi haiendi nayo. Tangi lenye uso wa nusu mita ya mraba, likipulizwa na feni katika hewa kavu ya Mandera, linaweza kupoteza lita 4 kwa siku bila kutia chumvi katika maneno. Katika siku 10 zisizo na mwangalizi, lita 200 zinabaki 160, na chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi karibu 44 kwa lita. Kinachopaswa kurudishwa ni maji matamu, kila siku, mpaka alama iliyochorwa kwenye kioo. Mgeni wa ufugaji huu mara nyingi hujazia kwa maji ya chumvi, akidhani tangi la chumvi hulishwa chumvi, na ndani ya mwezi anakuwa na Bahari ya Chumvi ndogo sebuleni.

Lita 4 kwa siku ni lita 28 kwa wiki. Ubadilishaji wenyewe unataka 20. Kwa maneno mengine, katika nchi kavu tangi hunywa maji matamu mengi zaidi kwa kukauka kuliko kwa kubadilishwa, na ubora wa maji hayo ya kujazia ndio unaoamua hatima ya yote. Yakiwa ni ya kisima chenye gramu 1.5 za madini kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa kaskazini mashariki hukinywa kwa kukosa hiari, kila siku huingia gramu 6 za chumvi ya kigeni ambazo hazitoki kwa kukauka. Kwa mwezi ni gramu 180, karibu gramu 1 kwa kila lita ya tangi. Nitreti ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa. Maji ya kiwango hicho, yakitumiwa kujazia na kuchanganyia chumvi, huleta miligramu 12 kwa kila lita ya tangi kwa wiki: 7 kutoka kujazia na 5 kutoka mtungi wa mabadiliko. Ukiongeza zile 2 za samaki, dari iliyokuwa 20 inasimama kwenye 140. Mfugaji anayebadilisha maji kwa bidii kila Ijumaa na kuona nitreti ikipanda hajakosa bidii. Anamwaga nitreti na kuchota nitreti.

Kwa hiyo chanzo cha maji matamu kinastahili kupimwa kabla hata ya kununua kioo. Banissa hutegemea sana mabwawa ya udongo, masilanga yanayojazwa na mvua za Gu kati ya Machi na Mei na za Deyr kati ya Oktoba na Desemba, na yanapokauka, maboza huleta maji kutoka mbali. Maji ya silanga huwa na madini machache kuliko ya kisima, lakini yana tope, mwani na samadi ya mifugo iliyokunywa humo, ambayo maana yake ni fosfeti na amonia. Maji ya boza hubadilika kila safari. Ya bomba, kama yale ya Garissa yanayotoka mto Tana, hutiwa klorini, na klorini huua samaki na bakteria wenye manufaa vilevile. Ni lazima iondolewe kwa dawa yake au kwa kaboni.

Mvua ya paa ndiyo hazina ya karibu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua moja nzuri ya milimita 25 linatoa lita 1,000. Tangi la mfano wetu linataka lita 48 kwa wiki kwa kujazia na kubadilisha pamoja. Kiangazi cha miezi 4 kinamaliza zaidi kidogo ya lita 800. Pipa kubwa la lita 1,000, likijazwa na Gu na kujazwa tena na Deyr, linatosha, endapo mvua zitafika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 mfululizo ilishindwa kaskazini mwa Kenya, na hakuna hesabu ya paa inayostahimili hilo. Mvua ya dakika za kwanza iachwe imwagike, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kisha kuna mabati yenyewe. Yamepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka, hata kwa chembe, huwasumbua kamba, konokono na matumbawe, ingawa binadamu haimdhuru. Maji ya paa la bati yapitishwe kwenye kaboni na kwenye chembechembe za kunasa madini kabla ya kufika tangini.

Mtambo wa osmosisi ya kinyume husukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia sehemu kubwa ya madini. Ndio kifaa cha kawaida cha wafugaji duniani, na kwa maji ya kisima hauna mbadala wa maana. Gharama yake ni maji: kwa kila lita 1 safi, mtambo mdogo wa nyumbani hutupa kama lita 3. Mahali pengine maji hayo hushuka kwenye mtaro na hakuna anayeyafikiria tena. Banissa ingekuwa fedheha. Kwa bahati nzuri, maji yaliyotupwa si machafu, yamezidi madini tu: kisima cha gramu 1.5 hutoa mabaki ya gramu 2 kwa lita, na mbuzi na ngamia huyanywa bila shida. Utando huvujisha nitreti kuliko madini mengine, kwa hiyo zile chembechembe za kunasa madini zinahitajika baada yake hapa pia.

Feni inayokausha maji inaweza kuonekana adui, na wengine huiondoa na kufunika tangi kwa kioo. Uvukizi hupungua kweli, ila joto hupanda. Kila lita inayokauka huondoka na joto ambalo lingetosha kupandisha lita 200 kwa karibu nyuzi 3, na samaki wa Pwani ya Kenya wamezoea bahari ya nyuzi 25 hadi 29 hivi. Juu ya 30 oksijeni hupungua majini na matumbawe hupauka. Anayeishi chini ya paa la bati huwa hana uhuru wa kuchagua.

Lakini ukavu huo una faida moja ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kijuujuu, kwa kuwa huko hewa ni ya unyevu. Ubadilishaji wa maji, kama ilivyodokezwa, haufai kurudisha kalsiamu na kaboneti kwa tangi lenye matumbawe magumu mengi: asilimia 10 ya maji mapya huziba sehemu ya kumi tu ya pengo, huku matumbawe yakiendelea kuchota kila siku. Dawa ya zamani ni maji ya chokaa, yaani chokaa safi iliyozimwa, ikayeyushwa katika maji ya kujazia, ikaachwa itulie, na maji yake maangavu yakadondoshwa tangini. Uwezo wake una mpaka mmoja, kwamba huwezi kutia chokaa zaidi ya maji yanayokauka. Chumba cha Ulaya kinachopoteza lita 1 kwa siku hupokea kidogo. Tangi la Banissa linalopoteza lita 4 linaweza kupokea kalsiamu kama miligramu 16 kwa lita kila siku pamoja na kaboneti inayoendana nayo, kiasi cha kulisha bustani nzima ya matumbawe. Idondoshwe polepole, usiku hasa, kwani ni kali kiasi cha kuunguza ngozi na inaweza kupandisha pH ghafla. Chokaa ya kupaka ukuta haifai, wala ile ya kutafunia tambuu.

Utaratibu wa siku yenyewe ni mfupi. Jana yake chumvi hutiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya chumvi, kwa sababu chumvi nyingi ikikutana na maji machache kalsiamu hugandana na kaboneti na maji yakawa kama tui. Pampu ndogo huyazungusha usiku kucha. Asubuhi hupimwa uzito, 1.025 hadi 1.026, na joto, lisitofautiane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 1. Umeme wa pampu na hita huzimwa kwanza. Hita iliyoachwa nje ya maji ikiwa moto hupasuka. Mpira wa kunyonya huingizwa, na badala ya kuchota maji maangavu ya juu, ncha yake hupitishwa mchangani na nyuma ya mawe, ambako uchafu umelala. Hapo lita 20 hubeba takataka kuliko hesabu ya asilimia inavyoonyesha. Wenye kunyonya kwa mdomo wajue kwamba watayaonja. Maji mapya hurudishwa taratibu, yakielekezwa kwenye kioo au jiwe yasichimbe mchanga, umeme huwashwa, na alama ya kujazia hukaguliwa.

Nusu ya maji hubadilishwa kwa mara moja pale tu panapokuwa na sumu: amonia iliyopanda baada ya umeme kukatika usiku kucha na viumbe kufa, dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani, sarafu ya shaba iliyoangushwa na mtoto. Kuna hali moja ambapo haraka huua. Tangi lililotelekezwa mwaka mzima huwa na pH iliyoshuka na nitreti iliyopaa, na samaki wake wamezoea polepole. Likipewa maji mapya mengi kwa pigo moja, pH hupanda na amonia iliyokuwa imelala katika hali isiyo na madhara hugeuka sumu. Tangi kama hilo hurudishwa kwa asilimia 5 kila siku mbili tatu, kwa wiki kadhaa.

Jumla ya maji matamu ya tangi hilo, lita 48 kwa wiki, ni karibu lita 7 kwa siku. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada huweka lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku wakati wa dhiki. Tangi moja la lita 200 basi ni nusu ya mtu. Mwenye nyumba ndiye atakayeamua kama mwaka fulani unaruhusu, na tangi la lita 60 lenye samaki wawili na kifuniko cha nusu hupunguza mgao huo hadi pungufu ya theluthi.

Yanabaki maji yaliyotolewa. Mjini Pwani humwagwa chooni, na sharti kubwa ni kutorudisha viumbe vya bahari nyingine baharini: mwani wa Caulerpa taxifolia uliogunduliwa mwaka 1984 chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco ulienea baadaye katika ufuo mrefu wa Mediterania. Banissa haina bahari ya kuchafua, ina udongo. Lita 20 zina gramu 700 za chumvi, na mvua ya Mandera, kama milimita 250 kwa mwaka, haitoshi kuisukuma chini ya mizizi. Mwarobaini unaomwagiwa hapo kila wiki utanyauka kabla ya mwaka kwisha. Maji hayo yamwagwe kwenye sinia pana la saruji, mbali na silanga na kisima, yakauke juani. Chumvi inayobaki isipewe mifugo kama ile ya kulamba. Ina nitreti, na ikiwa samaki waliwahi kutibiwa kwa shaba, dawa ya kawaida ya vimelea vya samaki wa baharini, inaweza kuwa na shaba pia, madini ambayo kondoo huyavumilia kwa shida kuliko mnyama mwingine yeyote zizini.